Vibanda vya Wapanda Milima: Namna ya Kulala Juu Bila Kuuchafua Mlima

Kibanda cha mlimani ni jengo dogo linalowekwa mwendo wa siku moja kutoka barabarani, ili anayesafiri kwa miguu apate pahali pakavu pa kulala, maji ya kunywa na choo kabla ya kuendelea na njia. Kazi zake ni hizo tu. Lakini jengo hilohilo likijengwa vibaya huumiza mlima: miti ya jirani huishia jikoni, kijito kilicho chini yake huchafuka, na mabati yaliyong'olewa na upepo hubaki yakishika kutu kwenye nyasi. Ubora wa kibanda, basi, hauonekani kwenye picha za siku ya uzinduzi. Huonekana miaka 20 baadaye, hasa katika maji yanayoteremka kutoka hapo kilipo.

Kwa watu wa Makobola jambo hili liko karibu kuliko linavyodhaniwa. Makobola iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kusini mwa Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayokwenda Swima, Mboko na Baraka. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya nyumba, milima ya Mitumba inapanda ghafla, na magharibi zaidi Itombwe inafika mita 3,475 katika mlima Mohi. Wanaozikanyaga njia za huko kila juma ni wachuuzi wanaoteremkia masoko ya ziwani, wachungaji wanaofuata malisho wakati wa kiangazi, na wagonjwa wanaobebwa kwa kipoyi kutafuta hospitali. Kibanda kitakachojengwa katika milima hiyo kiwafae hao kwanza. Mgeni mwenye begi mgongoni atapata nafasi yake humohumo.

Malazi ya kwanza ya wasafiri katika milima mirefu ya kanda hii hayakujengwa na mtu. Wakonzo wa Rwenzori walilala chini ya miamba iliyojitokeza kama paa, na mwaka 1906 msafara wa Mwitaliano Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, uliufanya mwamba wa Bujongolo, ulio karibu mita 3,800 juu, kuwa kambi yake kabla ya kufika kilele cha Margherita, mita 5,109. Mwamba wa namna hiyo una mafunzo yote ya msingi: mdomo wake hauelekei upepo wenye mvua, sakafu yake ni kavu, na haudai matengenezo.

Kwenye Kilimanjaro, njia ya Marangu ilipata vibanda enzi za Wajerumani, vikaitwa Bismarck na Peters. Leo vituo hivyo vinaitwa Mandara na Horombo, kwa majina ya machifu wa Wachaga. Katika miaka ya 1970 vilijengwa vibanda vya mbao kwa msaada wa Norwei, vyenye paa la pembetatu linaloshuka hadi karibu na ardhi. Mandara iko mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Nafasi ya takribani mita 1,000 kati ya kituo na kituo ina sababu, kwani mwili unahitaji muda wa kuizoea hewa nyepesi. Umbo la pembetatu nalo lina sababu: upepo huteleza juu yake, mvua haitulii, na ukuta karibu haupo. Hasara yake ni kwamba pembeni mwa chumba mtu hawezi kusimama, hivyo sehemu ya mbao iliyobebwa kwa jasho kutoka bondeni inafunika hewa isiyotumika.

Kwenye Mlima Kenya, Kibanda cha Austria kiko mita 4,790, karibu kabisa na barafu ya Lewis. Asili yake ni ajali: Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu, na uokoaji wake ulichukua siku nyingi. Kibanda kilijengwa baadaye kwa msaada wa Austria kama shukrani. Kibanda cha juu, kwa hiyo, ni pia ghala la machela, kamba na blanketi, na fundi anayekichora lazima ahakikishe machela yenye mtu yanapita mlangoni bila kuinamishwa. Vibanda vingi vidogo vinashindwa hapo.

Upande wa Kongo mifano miwili ndiyo ya karibu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, njia ya Rwenzori inatoka Mutsora ikapitia vibanda vya Kalonge, karibu mita 2,140, na Mahangu, karibu mita 3,300, kabla ya kufika Kiondo juu ya mita 4,000. Ukingoni mwa Nyiragongo, mita 3,470, viliwekwa vibanda vidogo vya watu wawili wawili, vyepesi, kila kimoja peke yake. Hapo hakuna chemchemi: maji, chakula na makaa vyote vilipanda mgongoni mwa mpagazi. Na ardhi yenyewe haitulii, kwani volkano hiyo ililipuka 1977, 2002 na tena 22 Mei 2021. Jengo zito la mawe na saruji lisingekuwa na maana mahali kama hapo. Nyiragongo inafundisha vizuri kuliko pengine popote kwamba jengo la mlimani liwe jepesi na liweze kuondolewa.

Kuchagua mahali ni nusu ya kazi. Joto hupungua kwa takribani digrii 6.5 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kutoka ufukwe wa Makobola hadi mita 2,800 tofauti ni digrii 13, na usiku usio na mawingu baridi huzidi, hasa mabondeni, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini. Kilele nacho hakifai, kwa ajili ya upepo na radi. Suala la radi si dogo Kivu Kusini. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare ya mkoa huu kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikiwa na takribani miako 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mahali pazuri ni kwenye bega la mlima: chini ya mgongo wake, juu ya bonde, upande wa kupata jua la asubuhi.

Maporomoko ya udongo nayo yapimwe kabla ya kuchimba hata shimo moja. Mei 2023 mvua kubwa iliteremsha mito na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe ya Kivu Kusini, zaidi ya watu 400 wakafa. Mteremko uliokatwa ili kupata uwanja tambarare hupoteza mizizi yake na hunywa maji mengi zaidi. Kibanda hakipaswi kukata mteremko. Kisimame juu ya nguzo fupi zilizokalia mawe bapa, ardhi ibaki na umbo lake, maji yapite chini ya sakafu.

Hesabu ya uzito inaunga mkono nguzo hizo. Mfuko wa saruji una kilo 50, na kiwango cha mzigo wa mpagazi kinachotumika Kilimanjaro ni kilo 20. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takribani tani 2.4, yaani mizigo 120. Hata kama kokoto zitapatikana hukohuko, mchanga safi na maji lazima vitafutwe, na zege likishamwagwa haliondoki tena. Nguzo nane zilizokalia mawe hazihitaji hata mfuko mmoja.

Vifaa vilivyobaki vipangwe kwa kanuni hiyohiyo. Fremu ya mbao za mikaratusi ikatwe na kutobolewa matundu ya bolti kule Makobola, ijengwe mara moja uwanjani ionekane kama inakaa sawa, kisha ibomolewe, kila kipande kipewe namba na kupandishwa. Kipande kisizidi mita 2.5 kwa urefu, maana kona za njia ya mlimani hazipitishi mbao ndefu. Bolti zina faida kuliko misumari: kipande kilichooza hubadilishwa peke yake bila kupasua jirani yake. Kuta zinaweza kuwa za mianzi. Mwanzi wa milimani, ambao wataalamu waliuita Yushania alpina na sasa wanauita Oldeania alpina, hukua katika misitu ya Kahuzi na ya Itombwe. Ukatwe wakati wa kiangazi, ukiwa umekomaa miaka mitatu au zaidi, kwa sababu mwanzi mchanga una utamu unaowaita wadudu. Lakini Hifadhi ya Asili ya Itombwe iliyoundwa 2006 iko chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira ya asili, na ukataji ndani yake unahitaji ruhusa na makubaliano na wenyeji, wakiwemo Wambuti, ambao msitu huo ni maisha yao. Kibanda kinachojiita rafiki wa mazingira huku kimefyeka mianzi ya watu hakistahili jina hilo.

Paa ni bati, lile ambalo Kivu huitwa manjanja. Wapo wanaotamani nyasi kwa ajili ya sura. Nyasi zinapendeza, zinatunza joto na hazipigi kelele za mvua, lakini hudai kubadilishwa mara kwa mara, hushika moto, na maji yake huwa ya rangi ya chai. Bati lina kasoro mbili tu, baridi na kelele, na zote mbili hutibiwa na dari. Tena bati lililounganishwa kwa waya mnene kutoka pembe zote nne hadi ardhini huipitisha radi nje ya chumba, kinga ambayo paa la nyasi haliwezi kutoa.

Joto la kibanda kidogo halihitaji moto. Mtu aliyelala hutoa joto la takribani wati 80. Watu wanane hutoa zaidi ya wati 600 usiku kucha, bure. Swali ni joto hilo linakwenda wapi. Katika chumba cha mita 4 kwa 5 chenye bati tupu kila upande, hesabu inaonyesha kuwa ndani patazidi nje kwa digrii moja na kidogo tu. Chumba hichohicho kikiwekwa kuta mbili zenye nyasi kavu zilizoshindiliwa katikati, pamoja na dari na sakafu ya mbao iliyoinuka, tofauti inafika digrii tano au sita, hata baada ya kuacha matundu ya hewa. Nje kukiwa na digrii 4, ndani panakuwa karibu 10, na mwenye blanketi moja analala.

Udogo wenyewe ni sehemu ya dawa. Jukwaa moja refu la mbao, watu wakalala bega kwa bega, hutunza joto kuliko vitanda vilivyotawanyika, na linabeba mtu wa tisa na wa kumi siku mvua inapowakusanya wengi. Jukwaa likiinuka nusu mita, mizigo hukaa chini yake na baridi ya sakafu haimfikii aliyelala.

Hewa isisahauliwe. Watu wanane wakilala kwa muda wa saa nane hupumua nje maji yanayokaribia lita tatu. Chumba kikiwa kimezibwa, unyevu huo hugeuka matone chini ya bati, ukadondoka juu ya blanketi, na baada ya misimu michache mbao zinaota ukungu. Tundu moja chini upande wa mlango na jingine juu chini ya kenchi, yote mawili yakiwa na wavu na bila kifuniko cha kufungwa, yanatosha. Kuyaacha wazi daima ni kwa makusudi: mtu aliyeshikwa na baridi atayaziba yote kama ana uwezo, kisha ataingiza jiko la makaa ndani ili kupasha chumba. Makaa yanayofuka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na wanaolala karibu nayo katika chumba kilichofungwa hawaamki. Hakuna kasoro ya ujenzi inayoua haraka hivyo. Jiko, kwa hiyo, liwe nje kabisa, chini ya paa lake dogo, mbali na ukuta wa mianzi, na lipendeze kiasi cha watu kutaka kukaa huko: benchi, ukuta wa mawe upande wa upepo, mahali pa kukaushia nguo.

Kuhusu kuni, Kilimanjaro ilikwisha kuamua: kuwasha moto wa kuni hifadhini kumepigwa marufuku, na misafara hupika kwa gesi. Juu ya mianzi miti hukua polepole mno, na shina linaloungua jioni moja lilichukua miongo kuwa vile. Katika njia za Fizi mchuuzi hana mtungi wa gesi, na kumkataza tu ni kumwambia alale njaa. Njia inayowezekana ni jiko la udongo linalobana moto, pamoja na kuni za mikaratusi zilizopandwa chini kwa kazi hiyo na kupandishwa pamoja na mizigo mingine.

Maji ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 24, baada ya kupoteza sehemu ya tano kwa upepo na mtiririko, hutoa karibu lita 1,900 kwa kila milimita 100 za mvua, na milima ya Itombwe haina uhaba wa mvua. Tatizo ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Watu wanane wakitumia lita tano kila mmoja kila usiku kwa siku 90 ni lita 3,600. Tangi la ukubwa huo halipiti njia ya msituni, lakini mapipa ya plastiki ya lita 200, kila moja likiwa na uzito wa kilo kumi hivi, hupanda kichwani na kuunganishwa kwa mpira mmoja baada ya jingine. Maji ya kwanza ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaelekezwe nje kwa bomba fupi la wima kabla mapipa hayajaanza kujaa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Choo ndicho kinachoamua kila kitu. Kipindupindu ni ugonjwa wa kudumu katika ufukwe huu wa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Baraka, na kinachomwagwa juu ya mlima hakibaki juu. Shimo la kawaida, likiwa mita 30 kutoka kwenye maji na kitako chake kikiwa juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi, linafaa bondeni. Kule juu mwamba uko karibu, udongo umelowa, na baridi huchelewesha uozo hadi shimo linakuwa hifadhi ya uchafu wa miaka mingi.

Ufumbuzi ni kutenganisha. Kiti cha choo kigawanye mkojo upande wa mbele, upelekwe kwa bomba hadi kwenye mfereji wa kokoto chini ya majani, mbali na kijito. Kinyesi kiangukie kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kila mtu akitupia kikombe cha majivu au majani makavu. Bila mkojo hakinuki sana, na kwa watu wanane ndoo hujaa katika muda wa wiki moja hivi. Ndoo iliyojaa ina kilo zipatazo 20, mzigo mmoja wa mpagazi. Inateremshwa, na kuna sababu ya kiafya ya kuiteremsha: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kinyesi kilichokaushwa kinahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili kuwa salama penye baridi, lakini mwaka mmoja na zaidi kidogo penye joto la zaidi ya digrii 20. Makobola ina joto hilo mwaka mzima. Baada ya hapo ni mbolea ya migomba. Anayebeba ndoo alipwe vizuri kuliko anayebeba mchele, apewe glavu, sabuni na mfuniko usiovuja.

Usimamizi ndio unaoangusha vibanda vingi kuliko upepo. Huko Uganda, shirika la Rwenzori Mountaineering Services, lililoundwa na Wakonzo katika miaka ya 1980, lilichukua kazi ya kuongoza wageni na kutunza vibanda. Kimojawapo, John Matte, kinabeba jina la mwongozaji wa Kikonzo. Mpango wa namna hiyo una maana kwa Fizi kwa sababu faida na wajibu vinakaa kwa watu walewale. Ada ndogo kutoka kwa wageni inunue bolti, klorini na misumari ya bati. Mchuuzi na mgonjwa wasilipe. Mlinzi achaguliwe hadharani, kwenye lubunga, banda ambamo wazee wa Kibembe hukaa kujadili mambo ya kijiji, na wafugaji wa juu wawepo siku hiyo, kwa kuwa njia ni moja. Wapagazi wapewe jukwaa lao ndani ya kibanda. Katika milima mingi ya Afrika Mashariki mgeni alilala kitandani na aliyembebea kitanda akalala jikoni au pangoni. Mchoro unaosema watu wanane wakati msafara una watu 15 ni mchoro wa uongo.

Usalama unabaki kuwa sharti lililo nje ya uwezo wa fundi. Mapigano ya makundi yenye silaha yamewahamisha watu wengi katika milima ya Fizi, Uvira na Mwenga, hasa tangu 2017, na nyumba tupu njiani huweza kukaliwa na mwenye bunduki badala ya msafiri. Ujenzi wa bolti unasaidia hata hapo. Njia ikifungwa, watu sita wenye spana hufungua kibanda kwa siku mbili, bati, mapipa na fremu vikateremshwa na kuwekwa chini ya paa la shule au kanisa kule ufukweni, kila kipande na namba yake. Juu yanabaki mawe manane bapa na nyasi.